Filimbi ya Meneja

Mbwa wa Mabula aliitwa Meneja. Jina alipewa na wachimbaji wa rashi ya Tupendane, kwa sababu alikuwa anashinda mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia, akiwatazama wenzake wanavyotoka jasho, yeye hashiki hata kokoto, na chakula kikiiva ndiye wa kwanza kufika. Alikuwa mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na jingine limelala, mkia umekatika ncha. Ukimwita Simba au Popi hageuki. Ukimwita Meneja anageuka taratibu, uso wa mtu aliyekatizwa kazi.

Rashi, kwa asiyezijua, ni machimbo yanayoota porini ghafla mtu akishaokota dhahabu. Leo pori, kesho maturubai, vibanda, muziki na makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa. Dhahabu ikikata, kila mtu anafunga godoro lake kwenye pikipiki na kuondoka, mashimo yanabaki wazi hivyo hivyo. Tupendane ilikuwa mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka barabara ya Bulyanhulu. Martina, dada mkubwa wa Mabula, alikuwa anapika ugali na maharage pale, kwenye kibanda alichokijenga juu ya kichuguu, mbali na maduara, kwa sababu hakutaka vumbi kwenye sufuria zake. Mabula alikuwa mlipuaji.

Kazi ya mlipuaji ni kutega baruti chini ya duara, kuwasha tambi na kupanda juu akiwa bado hai. Kabla ya kuwasha, filimbi inapigwa mara tatu, fupi fupi, na kila mwenye akili zake anaondoka eneo lile. Martina hakuwahi kusogea duarani hata siku moja. Ana sifa nyingi, ushujaa si mojawapo. Alichokijua yeye ni kwamba filimbi ikilia tu, Meneja huyo, anakuja mbio mpaka kibandani, anajilaza karibu na mafiga, naye anamtupia ukoko wa ugali. Filimbi, mbwa, ukoko. Ilikuwa hivyo kila siku, na Martina alikuwa anawatambia wateja wake: "Mnaona? Kaka akimpigia filimbi, mbwa anajua chakula kiko kwa shangazi." Kwamba baadaye ilikuwa inapigwa filimbi nyingine, moja, ndefu, na mbwa ndipo anainuka kuondoka, hilo hakulitilia maanani. Wakati huo wachimbaji walikuwa wameshajaa kibandani wanagombania mabakuli, na nani ana muda wa kuhesabu filimbi?

Masikio ya Mabula hayakufa siku moja. Alianza kwa kulalamika kwamba watu siku hizi wananong'ona. Halafu akawa anagombana na redio. Mwaka rashi ilipokata na watu wakahama, alikuwa hasikii hata mlango ukipigwa teke. Yeye na dada yake wakapanga nyumba ndogo yenye uwanja kwenye kituo kimoja cha biashara kando ya barabara ile ile ya Bulyanhulu. Martina akaanza kukaanga maandazi mbele ya nyumba, Mabula akawa anagonga kokoto za wajenzi, na Meneja akapata kazi ya kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake, maana alikuwa masikio ya bwana wake.

Hakuna aliyemfundisha. Mtu akipiga hodi, Meneja anamvuta Mabula suruali. Barabarani anatembea upande wa kulia wa Mabula, ule wa magari, na pikipiki ikija kutoka nyuma anamwegemea mguu mpaka Mabula asogee pembeni. Watu walikuwa wanamtania Mabula kwamba ameolewa na mbwa. Yeye alikuwa anasoma mzaha huo midomoni mwao na kucheka kwa sauti ile yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Ndoa nzuri!" alikuwa anajibu. "Haombi vitenge!"

Kutoka Tupendane Mabula alirudi na kitu kimoja tu cha kazi, filimbi ya chuma yenye kamba nyeusi. Aliitundika msumarini juu ya kitanda chake. "Hiyo si ya kuchezea, dada," alimwambia Martina, akaishia hapo, kwa kuwa si mtu wa maelezo. Martina alidhani ni uchungu wa mtu anayemiliki filimbi na hawezi tena kuisikia. Akaheshimu. Alikuwa anaifuta vumbi kwa uangalifu, basi.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka, Abdulshakur alipiga hodi. Huyu alikuwa jirani yao, mwenye duka la vitu mchanganyiko ng'ambo ya barabara, mtu wa Tabora aliyefuata biashara huku akaoa hapa hapa.

"Karibu, Baba Zuhra," alisema Martina.

"Ahsante, sikai. Nimekuja kutoa taarifa. Leo jioni napiga fataki pale mbele ya duka. Nitaanza saa moja kamili, nimalize mapema kabla hamjaenda mkesha." Akamnyooshea kidole Meneja aliyekuwa anajinyoosha kizingitini. "Huyu mheshimiwa mfungieni ndani kuanzia saa kumi na mbili. Chumba ambacho dirisha lake halitazami barabarani. Mpeni chakula kwanza ashibe, muwashieni redio, na kama inawezekana mtu akae naye. Akitetemeka msimkemee."

"Makubwa! Baba Zuhra, ualimu wa mbwa umesomea wapi?"

"Paka wa Zuhra. Mwaka jana aliruka juu ya dari, akakaa huko mpaka nikang'oa bati kumtoa. Nimejifunza kwa kuumia."

Martina akamgeukia kaka yake na kumwambia tena maneno yote polepole, uso kwa uso, kama walivyozoea. Mabula alipoelewa alicheka. "Mimi wapige hata mabomu!" Halafu akaacha kucheka. Jioni ile alikuwa anakwenda kanisani mapema kupanga mabenchi, kisha arudi kumchukua dada yake. "Mfunge mapema, dada," alisema. "Mbwa huyu kelele anazijua, lakini zile za rashi zilikuwa na taarifa. Hizi hazina taarifa. Nakuachia wewe."

"Ondoa shaka," alisema Martina.

Na kweli aliandaa. Tusimwonee. Mchana aliondoa magunia stoo, akafagia, akaziba dirisha kwa blanketi, akaweka bakuli la maji, akatandika chini koti la zamani la Mabula ili mbwa apate harufu ya bwana wake, akaiweka redio juu ya ndoo. Stoo ilikuwa tayari kabla hata ya alasiri. Kilichokosekana ndani yake ni mbwa tu.

Maana siku ile maandazi yalinunuliwa kuliko siku nyingine zote za mwaka. Watu wanasafiri, watu wana wageni, akina mama wa kanisani wanataka ya kubeba mkeshani. Martina akajiambia anamaliza karai hili, kisha anamfunga. Likafuata jingine. Saa kumi na mbili ikaja ikapita, naye akaiona ikipita, kwa sababu simu ilikuwa pale pale mezani pembeni ya unga. Akasema moyoni: bado saa nzima.

Basi wahuni hawangoji saa moja ya mtu. Mmoja wao alirusha baruti ya kitoto kando ya barabara, pa! Meneja akaingia chini ya meza. Ikalia ya pili. Martina alipoinama, alimkuta ametandaza tumbo chini, anatetemeka mwili mzima, udenda unamtoka. "Meneja, njoo. Njoo, baba." Hakusogea. Akamshika ngozi ya shingo kumvuta, mbwa akang'ang'ania ardhi kwa kucha za miguu yote minne. Mikono ya Martina ilikuwa imejaa unga, mafuta yameanza kutoa moshi, mteja mmoja anauliza chenji yake. Kukaa chini dakika chache, kumfunika kanga, kumnong'oneza mpaka atulie, kungeharibu karai moja la maandazi. Ni karai moja tu ndilo lililokuwa upande wa pili wa mizani.

Ndipo akakumbuka filimbi. Alishangaa hata kwa nini hakuifikiria mapema. Miaka yote ile, filimbi ikilia mbwa alikuwa anakuja kwake mbio! Akaepua karai, akaingia chumbani kwa Mabula, akaitoa msumarini. Akasimama mlangoni mwa stoo na kipande cha andazi mkononi, akapuliza kama alivyokuwa anaisikia Tupendane. Mara tatu, fupi fupi.

Ieleweke vizuri kwamba wakati huo hakuna fataki iliyokuwa inalia. Barabara ilikuwa imetulia. Meneja alitoka chini ya meza, na kutetemeka kulikuwa kumekwisha. Alimtazama Martina moja kwa moja, na Martina akatabasamu, akainama na andazi lake. Mbwa akampita. Akapita stoo, akapita lango lililoachwa wazi kwa ajili ya wateja, akavuka barabara na kushika njia ya porini. Hakukimbia kama mbwa aliyechanganyikiwa. Alikimbia kama anayejua anakokwenda. Martina akatoka mpaka langoni, akapuliza tena, tatu, kwa nguvu zote. Meneja akaongeza mwendo.

Muda mfupi baadaye fataki ya kwanza ya Abdulshakur ilipanda juu ya mabati, kijani, na watoto wakapiga kelele za furaha. Martina alisimama chini ya mwanga ule na filimbi mdomoni. Na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hajaazima tochi, kabla hajamwambia mtu yeyote, alirudi ndani, akaifuta filimbi kwa upindo wa kanga na kuirudisha msumarini.

Mabula aliporudi alifika moja kwa moja stoo. Akaona koti, akaona maji, akasikia kwa kiganja redio inavyonguruma juu ya ndoo. "Meneja yuko wapi?"

Martina alifungua mdomo wazi ili asomeke vizuri. "Fataki," alisema. "Amekimbia. Fataki."

Aliyasema yote matatu yakiwa maneno ya kweli, ndiyo maana yalimkaa vibaya kooni. Wala hawakwenda mkesha. Walizunguka na tochi wakiita, na Mabula alikuwa anaita kwa sauti mbaya, ya kupasuka, anasimama, anamtazama dada yake usoni aone kama yeye amesikia chochote.

Asubuhi ya mwaka mpya Mabula alivuka barabara mpaka dukani. Mtu asiyesikia hajui kupunguza sauti, na siku ile hata angejua asingepunguza. "Umenipotezea mbwa!" alimwambia Abdulshakur mbele ya wateja. "Furaha ya dakika kumi! Umenipotezea masikio yangu!"

Abdulshakur angeweza kusema: nilikuja kwenu nikawaonya, mashahidi wapo. Martina, aliyekuwa amesimama nyuma ya kaka yake, aliomba moyoni aseme hivyo, ili wagombane, ili kosa ligawanyike. Abdulshakur hakusema. Alimtazama Mabula usoni, akatamka taratibu, "Nisamehe, ndugu yangu." Kisha akaingia ndani, akatoka na boksi la fataki zilizobaki, akalitumbukiza lote kwenye pipa la maji ya mvua mbele ya duka. Binti yake Zuhra alikuwa mlangoni anatazama. Martina alijifunika mdomo kwa kanga, na watu wakadhani anamlilia mbwa.

Tangu hapo Abdulshakur alikuwa anafunga duka kila mchana na kupanda pikipiki kutafuta. Alichungulia makalavati, nyuma ya makontena, machinjioni, kwenye mashamba ya watu. Aliwaambia bodaboda wote. Mabula alisisitiza watafute karibu, maana mbwa akiogopa hujificha, haendi mbali. Kila jioni alikuwa anaweka ugali langoni, anakaa kwenye ndoo akitazama barabara. Asubuhi ugali ulikuwa umeliwa na kunguru.

Martina akaanza tabia ya ajabu. Jioni moja Mabula alikuwa anaosha miguu, amempa mgongo, na Martina akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni mimi, kaka. Nilichukua filimbi yako. Nikapuliza, akakimbia." Mabula aliendelea kuosha miguu. Martina akajisikia mwepesi, akala chakula kizuri, akalala. Asubuhi uzito ulikuwa umerudi na mwenzake. Basi akarudia tena wakati anafagia, akarudia wakati Mabula ameinamia kokoto zake. Aliungama mgongoni mwa kaka yake mara nyingi kuliko anavyoungama Mkristo mwaka mzima, kwa sentensi kamili, bila kuficha neno, na kila mara alihakikisha kwanza kwamba hatazamwi. Alijidharau. Lakini kesho yake alirudia.

Kwa nini asiseme tu? Mwanzoni aliogopa kwa kuwa alikatazwa kugusa filimbi. Siku ya pili aliogopa kwa kuwa siku ya kwanza hakusema. Na baada ya boksi lile kuzama kwenye pipa, ikawa si mbwa tu tena, ni jirani, ni mtoto wa jirani, ni watu wa pale kituoni walioacha kununua kwa Abdulshakur na kuvuka kuja kununua maandazi kwake wakimpa pole. Alizipokea pole zote. Alisema ahsante.

Halafu bodaboda mmoja alimleta Mabula nyumbani, suruali imechanika goti, kiwiko kimechubuka mpaka kwenye nyama nyeupe. "Mama, huyu mzee wenu vipi?" alifoka yule kijana. "Nimepiga honi mpaka basi! Nimemgonga kidogo tu, ni Mungu! Ingekuwa lori?"

Martina alimkalisha kaka yake kwenye kigoda, akaleta maji ya chumvi. Mabula hakulalamika. Alikuwa anatazama lango. "Meneja angenisogeza," alisema, kwa sauti ya chini kwa mara ya kwanza tangu masikio yake yalipokufa.

Martina aliinamia kile kiwiko. "Ni mimi," alisema kukiambia kidonda. "Nilipiga filimbi."

Mkono wa Mabula ukatulia. Alikuwa amehisi pumzi ya maneno kwenye ngozi yake. "Umesema nini? Sikuona mdomo."

Martina angeweza kusema: nimesema pole. Neno lenyewe lilikuwa tayari ulimini, fupi, halina kazi. Akainua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na akaogopa yataharibu umbo la midomo, akajifuta kwanza kwa kiganja chenye chumvi.

"Ni mimi, kaka. Si fataki. Nilichelewa kumfunga. Nikachukua filimbi yako nimwite aingie ndani. Nikapuliza. Akakimbia."

Mabula alimtazama. Martina akadhani hajaelewa, akaweka ngumi mdomoni, akapuliza hewa, akanyoosha vidole vitatu.

"Tatu?" alisema Mabula.

"Tatu."

"Fupi?"

"Fupi."

"Akashika njia ipi?"

Martina akaonyesha ng'ambo ya barabara, nyuma ya duka, njia inayoingia porini. Mabula akainuka na kigoda kikaanguka. Martina alisubiri atukanwe. Alitaka kutukanwa.

"Ile filimbi si ya kuita, dada," alisema Mabula. "Ni ya kufukuza. Nilimfundisha tangu hajaota meno vizuri, kwamba tatu maana yake kimbia kifo, nenda pasipofika jiwe. Kule rashi pasipofika jiwe palikuwa kibandani kwako. Hakuwa anafuata ukoko wako. Yuko kule."

"Kibanda kilishabomolewa, kaka. Tupendane hakuna mtu."

"Na yeye nani amemwambia?" Mabula alikuwa anafungua mlango wa chumba chake. Akatoka na filimbi shingoni. "Na haondoki pale mpaka apigiwe ndefu. Ndivyo nilivyomlea. Siku zote hizi, Martina, amelala pale anangoja ndefu." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. Tangu utotoni alikuwa dada. "Kamwite Baba Zuhra atupeleke. Na umwambie."

Kuvuka ile barabara kulimchukua Martina muda mrefu kuliko siku zote. Dukani kulikuwa na wateja wawili. Abdulshakur alikuwa anapima sukari. Martina alitamani wale wateja waondoke kwanza, kisha akakumbuka kwamba kaka yake alifoka hapa hapa mbele ya watu, akasema hapo hapo. Alisema yote: karai, filimbi, msumari.

Abdulshakur aliweka kijiko cha sukari chini. "Zuhra haongei na mimi tangu mwaka mpya," alisema. "Anasema nimeua mbwa." Akafunga mfuko wa sukari, akampa mteja, akapokea fedha. "Ngoja nichukue ufunguo wa pikipiki." Martina alisubiri aongeze "haina shida" au "yamekwisha", kama watu wanavyosema. Alisubiri hata njiani, amebanwa nyuma ya kaka yake kwenye kiti cha pikipiki. Abdulshakur hakusema.

Mvua za mwezi ule zilikuwa zimeifuta Tupendane. Majani yalifika kiunoni, na katikati ya majani maduara yamejaa maji, hayana uzio wala alama, mtu akikosea hatua amekwisha. Walishuka pikipiki na Mabula akatangulia, akikanyaga alipokuwa anakumbuka. Martina alitazama maji yale meusi kila walipopita na kumwona mbwa ndani ya kila shimo. Nikimkuta huko, aliwaza, nitaishije na mtu huyu nyumba moja? Nitamtengea chakula nikimtazama wapi?

Kichuguu kilikuwepo. Kibanda hakikuwepo, hata nguzo zilishabebwa. Yalibaki mafiga matatu, meusi, na majani yameota katikati yake.

Meneja alikuwa amelala kando ya mafiga, mahali pale pale alipozoea kutupiwa ukoko. Mbavu zote zinahesabika. Nyayo zimepasuka. Hatua chache chini yake, kwenye mtaro, kulikuwa na maji ya mvua, na pale tu ndipo majani yalipokuwa yamelazwa na kupita kwake. Alipowaona aliinua kichwa. Mkia ule uliokatika ncha ukapiga ardhi mara moja, mara mbili. Lakini hakuinuka. Aliwatazama kwa macho ya mtu anayetaka kuwaambia na wao wajilaze, bado hakujawa salama.

"Jamani, Meneja!" Martina akakimbia na maandazi aliyoyafunga kwenye kanga. Mabula akamdaka mkono.

"Usimvute. Ameambiwa akae." Akaivua filimbi shingoni na kumnyooshea. "Wewe ndiye uliyemwambia kuna hatari. Mwambie imekwisha. Moja, ndefu."

"Piga wewe, kaka. Mimi naogopa."

Mabula alikuwa anausoma mdomo wake vizuri kabisa. Mkono wenye filimbi ulibaki umenyooshwa.

Martina akaipokea. Akaiweka mdomoni, akavuta pumzi, na kilio kikaingilia katikati. Filimbi ikatoa sauti fupi, iliyokatika. Meneja akashtuka, akakandamiza kidevu ardhini, masikio yote mawili yakalala.

"Umepiga?" aliuliza Mabula. Yeye hakuwa amesikia kitu.

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi sana. "Bado," alisema Martina, akimgeuzia uso mzima aone. "Nimekosea. Nimemtisha tena."

"Rudia."

Alisubiri kifua kitulie. Abdulshakur alikuwa amesimama nyuma yao, kofia mkononi. Martina akapuliza, moja, akaivuta mpaka mbavu zikauma na macho yakaona giza, akaivuta mpaka pumzi ikaisha kabisa.

"Umepiga?"

"Nimepiga, kaka."

Lakini safari hii Mabula hakuutazama mdomo wake. Alikuwa anamtazama mbwa. Alimtazama mbwa muda wote, hakupepesa, wakati miguu ya mbele inajikusanya, inateleza, inajikusanya tena, mpaka Meneja aliposimama kwa miguu minne akiyumba. Mbwa akashuka kichuguu. Akampita Martina aliyekuwa amepiga magoti na andazi kiganjani, hakulinusa, akaenda kumwegemea Mabula mguuni, upande wa kulia, ule wa magari.

Ndipo Mabula akashusha pumzi.

"Ni kweli," alisema. "Umepiga."